Neema kwa Binti, Neema kwa Karani

Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri katika mtaa mmoja wa vijijini mkoani Kagera. Ninafundisha kipaimara, ninaongoza ibada mchungaji anapokuwa mitaa mingine, na ninakaa na watu wanaotaka kurudi kundini. Kote huko nakutana na swali lile lile, liulizwe na mtoto wa kipaimara au na mzee aliye kitandani asiyetarajia kuinuka tena: je, neema ya Mungu ni ya bure kweli, au ina gharama yake?

Naamini ni ya bure, na mlangoni pake hapaulizwi kitu. Naamini pia kwamba ikishaingia kwa mtu haimwachi amekalia mali ya wizi. Ila kilichonifanya niandike ni jambo ninaloliona kwa macho yangu kila mwaka: sisi watu wa kanisa tumeigawa neema mafungu mawili. Mnyonge tunamtoza, na mwenye nguvu tunamtangazia msamaha kabla hajasema ametenda nini.

Nianze na mnyonge. Katika makanisa mengi ya kwetu, na sisemi ya Kilutheri peke yake, binti akipata mimba kabla ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana. Akishajifungua, na mtoto akishapata nguvu, hufundishwa upya, kisha Jumapili moja anaitwa mbele. Mimi husimama karibu, kwa hiyo naona ambayo walioko nyuma hawayaoni. Binti anakaa benchi la mbele peke yake, khanga ameifunga hadi kifuani ingawa si baridi. Mtoto yuko mgongoni kwa bibi yake, benchi la tatu. Mzee wa kanisa anasoma jina, jina kamili na la baba yake, polepole, kana kwamba kuna mtu hapo asiyelijua. Anapiga magoti. Anaulizwa kama anatubu, anajibu kwa sauti ambayo mara nyingi mimi peke yangu naisikia. Mtoto akilia, bibi anatoka naye nje, na watu wanageuka kuangalia.

Na kijana aliyempa mimba? Mara nyingi yumo humo humo kanisani. Kuna Jumapili niliyomwona kwenye safu ya besi ya kwaya, amevaa joho, akiimba wimbo wa kumkaribisha huyo binti arudi. Miezi yote hiyo alikuwa akishiriki chakula cha Bwana. Hakuna aliyemwita. Dhambi ya mwanamume haina tumbo, haimfuati barabarani ikawaambia watu. Kwa hiyo yule ambaye mwili wake umemshuhudia ndiye tunayemdai toba, na yule ambaye angeweza kukana tunamwachia akane.

Wazee wenzangu husema: tukiacha utaratibu huu tutakuwa tumehalalisha uasherati. Nawaelewa, maana toba ya hadharani ina mizizi mirefu katika kanisa, tangu karne za kwanza. Lakini toba inayodaiwa kwa mmoja tu kati ya wawili waliotenda jambo moja imeshakuwa faini. Yesu, katika Yohana sura ya 8, aliletewa mwanamke peke yake, na sheria ya Musa iliyotajwa pale iliwahusu wote wawili. Sura ile naisoma kila mwaka na wanafunzi wangu, na kila mwaka kuna msichana anayeuliza mwanamume alikuwa wapi.

Swali lingine la darasani lilinikaa zaidi. Tulikuwa katika Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529 ambayo wanafunzi wetu hukariri sehemu kwa sehemu, tumefika penye ondoleo la dhambi. Nikasema ni bure. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni bure, kwa nini baba aliambiwa amalizie bahasha za sadaka za bibi ndipo bibi azikwe na kanisa?"

Nalijua jambo alilokuwa akilisema, na halikutokea katika usharika mmoja tu. Mtu anafariki, familia inakwenda kuomba ibada ya maziko, na kabla ya kuuliza saa ya maziko mtu anauliza kadi ya ahadi. Ahadi haikutimizwa. Basi wafiwa wanachangishana matanga yakiwa yamekaa. Sidharau sadaka. Kanisa letu halina mfadhili wa kila mwezi. Bati, mshahara wa mchungaji na mafuta ya pikipiki yangu vinatoka kwa wakulima wa ndizi na kahawa. Napenda mnada wa baada ya ibada, mama mmoja anapoleta mkungu wa ndizi kwa sababu hana fedha, na mwingine anaununua kwa bei ya juu kuliko sokoni ili Mungu atukuzwe. Hiyo ni shukrani. Lakini mjane akishaambiwa kwamba mumewe hatasomewa Neno mpaka deni liishe, tumempelekea bili ya kitu ambacho Kristo alikwisha kukilipia. Mvulana yule nilimjibu kwamba baba yake alikosewa, na kwamba bibi yake hakupungukiwa neema hata kidogo kwa sababu ya bahasha. Darasa lilinyamaza. Sina hakika kama wote waliamini.

Sisi Walutheri tunapaswa kuliona jambo hili upesi kuliko watu wote, maana hapo ndipo tulipozaliwa. Mwaka 1517 mtawa wa Kidominiko, Johann Tetzel, alikuwa akihubiri na kuuza vyeti vya rehema karibu na mipaka ya Saksonia. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na sehemu nyingine ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, aliyekopa kwa matajiri wa Augsburg, ukoo wa Fugger, ili apate cheo chake. Waumini wa Wittenberg walivuka mpaka kwenda kununua, kisha wakarudi kwa Martin Luther, mchungaji wao, na karatasi mkononi. Katika hoja zake 95 za mwaka ule zipo hoja ambazo kwetu hazitajwi sana: kwamba anayempita maskini akaenda kununua rehema hajanunua chochote ila hasira ya Mungu, na kwamba asiye na ziada atunze alicho nacho kwa mahitaji ya nyumba yake. Luther alikuwa anamtetea mtu wa mfukoni mtupu. Leo wapo wanaowauzia watu kama hao chupa za maji na mafuta ya upako, au kuwaambia wapande mbegu ya fedha ndipo muujiza uje. Tunawasema sana kwenye mahubiri. Kadi ya ahadi mlangoni pa makaburi hatuisemi.

Lakini mtu asikomee kwenye Luther wa vyeti. Hoja yake ya kwanza kabisa ilisema kwamba Bwana wetu alipoita watu watubu, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Mtu aliyepigania neema ya bure ndiye aliyeanza kwa kusema hivyo, na mimi nilichelewa kuelewa hayo mawili yanakaaje pamoja, mpaka nilipokutana na karani wa mizani.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye nyumba nzuri na sauti ya kusikika. Kwa miaka mingi alipima kahawa ya wakulima. Huku kwetu kahawa ikishakaushwa na maganda yake hubebwa kwa magunia hadi kwenye mizani, na mkulima asiyesoma vizuri husimama upande wa pili akisubiri aambiwe. Karani alikuwa anapunguza kilo katika kila gunia. Kilo alizokata zikawa fedha, na fedha zile akawa ananunulia butura: mzazi mwenye shida ya ada au mgonjwa anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anayevuna ni mnunuzi. Butura imepigwa marufuku, lakini shida haisomi matangazo. Kanisani mtu huyu alikuwa mkubwa. Kwenye mnada hakuna aliyemzidi. Jina lake lilisomwa kila penye michango, na nadhani kama angefariki siku zile tungemzika kwa heshima zote.

Jioni moja alinijia nyumbani. Akasema, "Mwinjilisti, silali." Akaniambia yote, gunia kwa gunia, bila mimi kumchokonoa. Nilipomaliza kumsikiliza nilimtangazia ondoleo la dhambi usiku ule ule, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Sikumpa sharti lolote. Wapo wenzangu katika huduma wanaoniuliza mpaka leo kwa nini sikumwambia arudishe kwanza fedha za watu. Jibu langu ni hili: mtu yule alikuwa amezoea kununua. Alinunua kahawa za watu, alinunua kiti cha mbele, alinunua hata makofi yetu. Ningempa bei ya msamaha angeilipa kesho yake asubuhi, angeondoka na risiti, na moyo wake ungebaki pale pale. Kitu pekee ambacho hakuwa amewahi kupewa ni kitu cha bure.

Baada ya majuma machache alirudi na daftari la mistari, amelijaza majina kwa kalamu ya bluu. Alikuwa anawakumbuka wote. Akaniomba nimsindikize, maana aliogopa kwenda peke yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mjane, ndani kabisa ya migomba. Alitukaribisha, tukakaa. Karani akaeleza, akaweka bahasha juu ya mkeka. Bibi hakuigusa. Akasema, "Mwanangu, hizi ni fedha za gunia. Sasa tulia nikwambie gunia lile lilikuwa la nini." Akatuambia. Lilikuwa la ada ya binti yake, kidato cha pili. Kahawa ilipopungua, binti aliondoka shule, akaenda Mwanza kufanya kazi za ndani, akarudi mgonjwa, akafia nyumbani. Aliyasimulia bila kupandisha sauti, akataja mpaka rangi ya sketi ya shule ambayo hakuivaa tena. Karani alikuwa anatazama chini. Mwishowe bibi akavuta bahasha, akasema, "Fedha nitazichukua, ni zangu. Na wewe nimekusamehe. Lakini usiniambie kwamba tumelipana."

Nimefundisha somo la neema kwa miaka, na sijasikia theolojia iliyonifungua macho kama maneno yale. Bibi alimsamehe bure. Hakumwongezea riba, hakumpeleka baraza la kata, hakumtaka apige magoti mbele ya watu. Gharama ya msamaha ule haikupotea hewani, alibaki nayo yeye, katika nyumba ile, pamoja na kaburi nyuma ya migomba. Karani aliupata msamaha bure kwa sababu kuna mwingine aliyeibeba gharama yake. Hivyo ndivyo ninavyousoma msalaba tangu siku ile. Paulo anawaandikia Warumi kwamba Kristo alitufia tungali wenye dhambi, yaani kabla hatujaleta daftari la majina. Na katika ile barua fupi kwa Filemoni anamwambia bwana wa Onesimo kwamba kama mtumwa yule ana deni lolote, liandikwe kwa jina lake yeye Paulo. Deni halikufutwa kwa kufumba macho. Lilihamishiwa kwa mtu.

Na karani? Aliuza ng'ombe, kisha akauza kipande cha shamba. Mkewe alikasirika, na sikumlaumu, maana hakushirikishwa katika wizi wala katika toba. Kuna nyumba walimfukuza, kuna nyumba mwenye jina alikwisha kufa wakalipwa watoto. Hakuna aliyemlazimisha hata mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zakayo katika Luka 19: Yesu alijikaribisha kwanza nyumbani kwake, watu wakanung'unika, ndipo Zakayo akasimama na kutaja nusu ya mali na malipo mara nne. Ukiupindua mpangilio huo umeharibu Injili. Lakini ukiisoma habari ile ukakomea pale Yesu anapojikaribisha, bila watu wa Yeriko kurudishiwa chochote, umeiharibu vile vile.

Nilishangazwa na waliopinga. Hawakuwa wakulima. Walikuwa watu wa heshima kanisani, na mmoja wao alinifuata akaniambia nimzuie karani, kwamba amekwisha kusamehewa na Mungu, kwa nini azunguke vijijini kuliaibisha kanisa? Nilijua wasiwasi wake. Mizani haikuwa na karani mmoja. Ndipo nikaona kwamba wale wanaokuwa wakali kwa binti benchi la mbele ndio wanaokuwa wapole mno penye mizani, na pande zote mbili wananukuu neno neema.

Huko Ujerumani mchungaji wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, aliliona jambo hili kwa ukubwa wa taifa zima. Watu karibu wote walikuwa wamebatizwa na kupata kipaimara, na kila Jumapili walihubiriwa msamaha. Mwaka 1933 kanisa la Prussia lilipitisha kanuni ya kuwaondoa katika utumishi wachungaji wenye asili ya Kiyahudi, na wengi waliosamehewa Jumapili hawakuona shida Jumatatu. Bonhoeffer alikuwa akifundisha wachungaji vijana nusu kwa siri huko Finkenwalde mpaka polisi wa siri walipokifunga chuo mwaka 1937. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake juu ya kumfuata Yesu, akaeleza tofauti ya neema rahisi na neema ya thamani: ile rahisi inaisamehe dhambi na kumwacha mtenda dhambi vile alivyo. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Kuna wanaomtaja leo ili kuwabana wanyonge, wakidai neema lazima igharimu. Hawamsomi vizuri. Aliokuwa anawaambia hivyo ni watu waliostarehe chini ya dola lenye nguvu, huku jirani zao wakichukuliwa.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Kagera, alama yake ilikuwa watu kurudisha vitu. Wazee wetu husimulia habari za majembe, shuka na fedha za mwajiri zilizorudi kwa wenyewe. Askofu Josiah Kibira, aliyetoka katika udongo wa uamsho huo huo, ndiye Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alipochaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. Namshukuru Mungu kwa ajili ya watu wale. Lakini nao hawakukwepa kishawishi cha kuweka ushuru. Uganda lilitokea kundi la Bazukufu, waliojiita walioamka tena, ambao kwao kuokoka kwa mara ya kwanza hakukutosha, na kukopa fedha kukawa dhambi. Kutubu, ambako kulikuwa uhuru, kukawa mtihani unaosahihishwa na wenzako.

Kuna jina moja zaidi ambalo watu wa Kagera hawawezi kulipita. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin kulalamikia mauaji. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Askofu Festo Kivengere, mwana wa uamsho, akakimbilia uhamishoni, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yaliingia kwetu, daraja la Kyaka likabomolewa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Wapo wazee katika mtaa wangu ambao mpaka leo hawawezi kusikia jina la kitabu kile. Siwalazimishi. Huwa nawaambia tu kwamba Kivengere alisamehe akiwa amekwisha kutia sahihi barua iliyoyataja maovu kwa jina, na hakuifuta sahihi yake. Alimpa Amin neema bure bila kumwambia kwamba hakufanya kitu.

Hivyo ndivyo ninavyotaka tufanye kanisani kwetu. Baraza la wazee la mtaa limekubali jambo moja kwa sasa: jina la binti halitasomwa mbele ya watu kabla wazee wawili hawajakwenda kwa kijana aliyetajwa na kuzungumza naye, na kama mmoja atasimama basi watasimama wote wawili, au wote watapokelewa faraghani ofisini kwa mchungaji. Lilipita kwa shida, na mzee mmoja alitoka kabla ya sala ya kufunga. Suala la bahasha na maziko bado halijapita. Litakwenda kwenye mkutano wa usharika baada ya mavuno ya kahawa, na karani ameomba awe wa kwanza kusema.